Kutua mzigo si kuanguka

Kila mwaka mwezi wa sita, asali ikishaiva, huja mzee mmoja kibandani kwangu karibu na soko kuu la Tabora. Huja na redio. Ni National ya kaseti moja, kifuniko cha betri kimepotea siku nyingi na mahali pake amefunga kipande cha mpira wa baiskeli. Huiviringisha kwenye khanga kuukuu kama mtoto mchanga, akaiweka mezani, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Mwangaluka, fundi." Naitikia, natia na shikamoo yangu, kazi inaanza.

Ugonjwa ni uleule. Moshi wa kurinia asali na vumbi la kwao Sikonge vikishaganda kwenye kichwa cha kaseti, sauti inazama. Nafuta kwa pamba na spiriti, nabadilisha mpira wa kuzungushia mkanda, nakaza waya mmoja au miwili. Mwaka juzi nilipomaliza nikatia kaseti ya kujaribia, ile iliyokuwa karibu na mkono, yenye nyimbo za bendi za zamani za hapa kwetu. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, nikagundua kwamba mmoja kati ya wale watatu wanaoitikia amekaa mbele yangu. Sauti ile ile, ila ile ya kwenye kaseti ina miaka ishirini na kitu. Nikaacha bisibisi. Nilidhani atalia, au angalau atafumba macho. Akatega sikio mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Spika yako imechanika, fundi. Besi inakwaruza."

Nilikuwa nimeunganisha spika yangu ya kibandani. Nikaifungua. Kweli, kulikuwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nimeisikiliza spika ile kila siku kwa miezi kadhaa na sikuusikia.

Mimi ni fundi redio kwa zaidi ya miaka arobaini. Magazeti huwa nayasoma, siyaandikii. Kilichonishikisha kalamu ni kijana mmoja aliyepita mwaka huu na simu yake kwenye kile kijiti cha kushikia. Sijui nani alimwambia kwamba mzee aliwahi kuimba. Akamkuta kwenye benchi, akawasha simu, akauliza, "Mzee, unajisikiaje? Ulikuwa juu, halafu sasa uko hivi."

"Hivi vipi?"

"Yaani... asali."

"Wewe umeshawahi kupandisha mzinga juu ya mti wa mtundu?"

"Hapana, mzee."

"Basi mimi sasa niko juu kuliko wakati ule."

Tulicheka, hata kijana alicheka. Lakini jioni video ilipowekwa mtandaoni, kipande hicho kilikuwa kimekatwa. Kilichobaki ni mzee, redio iliyofungwa mpira, na maandishi makubwa: INASIKITISHA. Chini yake watu kutoka kila pembe ya nchi wakawa wanampa pole. Mtu mwenye nyumba ya bati, mizinga zaidi ya mia msituni na wateja wanaomsubiri kabla hajashuka kwenye basi, anapewa pole kwa sababu hashiki tena maikrofoni.

Ndugu msomaji, katika Kiswahili chetu cha leo mwanamuziki akiacha muziki tuna maneno mawili tu ya kumwelezea. La kwanza, amefulia. La pili, ametubu. Akiwa na shamba amefulia. Akiwa na tasbihi au Biblia ametubu. Dereva wa treni akifikisha umri, tunasema amestaafu, anapigiwa makofi na kupewa baiskeli au mabati. Mwalimu vilevile. Askari vilevile, na yeye mpaka paredi. Mwimbaji hana neno lake. Ama ameanguka kutoka mahali, ama ametoka kwenye shimo.

Hili linanishangaza zaidi likisemwa Tabora, maana mji huu uliota kwenye njia ya watu waliojua kuacha kazi. Kabla ya reli ya Wajerumani kufika hapa mwaka 1912 na kumalizikia Kigoma mwaka 1914, mzigo wote kati ya Bagamoyo na Ujiji ulipita mabegani mwa wapagazi, na walio wengi walikuwa Wanyamwezi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya wakati ule, mwaka 1857 waliikuta kazi hiyo imeshakomaa. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake na chungu chake. Aliondoka mavuno yakishaingia ghalani, akaenda pwani, akarudi mvua zikikaribia ili alime. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na bendera, baragumu ikilia, ngoma ikifuata, na nyimbo zilikuwa sehemu ya kazi kama kamba na fimbo. Kijana ambaye hajawahi kuiona pwani alichekwa na wasichana.

Lakini hakuna mahali niliposikia kwamba mpagazi aliyerudi kwao, akautua mzigo na kushika jembe, aliambiwa amefulia. Alikuwa amemaliza safari. Alikuwa na vitambaa vyake vya merikani alivyolipwa, na msimu mwingine akitaka alikwenda tena, asipotaka alikaa. Babu yangu mzaa mama aliwasikia wazee wa namna hiyo wakisimulia kibarazani huku wakipukuchua mahindi. Walisimulia kama watu waliofanya kazi, basi. Hawakusimulia kama watu waliopoteza kitu.

Tukiwa hapo, niseme na jambo la Kwihara. Nje kidogo ya mji tuna tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, miezi kama sita, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Limetunzwa, lina makumbusho, watoto wa shule wanapelekwa. Sina ugomvi nalo. Ila mgeni aliyekaa miezi sita akisubiri wabeba mizigo ana nyumba ya kumbukumbu, na Salum Zahoro na Kiko Kids wake, waliolifanya jina la Tabora litajwe kwenye redio kabla hata ya Uhuru, sijaona hata kibao cha barabarani.

Wasomaji vijana huenda hawalijui jina hilo. Kiko Kids Jazz ilikuwa bendi ya hapa hapa, ya miaka ya hamsini na sitini, na mlio wake uliutambua mara moja kwa sababu ya mandolini. Gitaa dogo lenye sauti kali, kama mtu anayecheka kwa meno. Walikuwapo pia Nyamwezi Jazz. Halafu Tabora Jazz, wana Segere Matata, ambao miaka ya sabini walikuwa na Shem Karenga, mwana wa Kigoma, aliyetupa "Dada Asha". Kutoka hapa kwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za treni, vyombo viko kwenye behewa la mizigo, ngoma zimefungwa magunia. Mzee wangu anasema walikuwa wakifanya mazoezi humohumo ndani ya treni, daraja la tatu, abiria wakiitikia. Msafara ule ule, njia ile ile karibu, ila safari hii mzigo ulikuwa ni sauti.

Shem Karenga hakuacha. Aliendelea kupanda jukwaani Dar es Salaam hadi uzeeni, akafariki Desemba 2014. Zahoro tulimsikia tena miaka ya tisini katika Shikamoo Jazz, bendi iliyokusanya wakongwe kwa msaada wa shirika la kuhudumia wazee, wakarekodi, na mwaka 1995 wakapiga Uingereza. Nilifurahi sana wakati ule. Bado nafurahi. Mzee anayetaka kupiga apewe gitaa, na liwe gitaa zima, si lile lenye nyuzi nne. Ninachokataa ni kufanya hiyo ndiyo heshima pekee: kwamba mkongwe tutamthamini tukimvisha suti na kumrudisha jukwaani, na yule anayesema "mimi imetosha" tumwonee huruma.

Nilimuuliza mzee kwa nini aliacha. Nilitegemea kisa: mwenye vyombo alimdhulumu, mwanamke, ugonjwa, uchawi wa bendi pinzani. Tumezoea kwamba lazima pawe na kisa. Akafikiri, akasema, "Nilichoka kukesha." Dansi lilianza saa tatu usiku na kuisha alfajiri, Ijumaa hadi Jumapili, mwaka baada ya mwaka, kwenye moshi wa sigara na harufu ya bia ambayo yeye hainywi. Siku moja baba yake alimwachia mizinga ya magome. Akaenda msituni wiki mbili kuitazama, akalala usiku kama watu wengine, na aliporudi mjini akamwambia kiongozi wa bendi atafute mtu wa kuitikia sauti ya pili. Hadithi nzima ni hiyo. Haijazi dakika moja ya video.

Kwa wanaodhani hili ni jambo la Tabora tu, kuna Yusuf wawili wa kutazama. Wa kwanza ni Mwingereza, baba yake Mgiriki wa Cyprus na mama Mswidi, aliyezaliwa London mwaka 1948 na kuimbia dunia kwa gitaa kavu kwa jina la Cat Stevens. Mwaka 1969 kifua kikuu kilimlaza miezi hospitalini. Baadaye, mwaka 1976, nusura azame baharini Malibu kule Marekani. Ndugu yake David akamletea Kurani. Mwaka 1977 akasilimu, uliofuata akachukua jina la Yusuf, akauza magitaa yake kwa ajili ya hisani na kunyamaza. Kunyamaza kwa nyimbo nasema, maana maneno aliendelea kuyasema na mengine yalimletea lawama. Mwaka 1983 akafungua shule ya watoto wa Kiislamu London, ambayo mwaka 1998 ilianza kupata fedha za serikali kama shule nyingine. Ilipita karibu miaka thelathini. Mwanawe akaleta gitaa nyumbani, baba akalishika, na mwaka 2006 akatoa albamu.

Wa pili ni wetu, Mzee Yusuf wa Jahazi Modern Taarab, mtoto wa Zanzibar. Mwaka 2016, jina likiwa juu kabisa, alitangaza kwamba anaacha muziki amrudie Mola wake. Mwaka 2020 akarudi. Nakumbuka maneno yaliyosemwa hapa kibandani mara zote mbili. Alipoacha, nusu ya wateja wangu walisema heri na nusu wakasema amefulia anatafuta kisingizio. Aliporudi, walewale wakabadilishana viti. Mimi imani ya mtu siipimi kwa bisibisi. Ninachokiona ni kwamba hatukumruhusu kuondoka kama mtu anavyoondoka kazini, wala kurudi kama mtu anavyorudi kazini.

Tofauti kati ya Yusuf hao wawili si dini, na kipaji hakipimiki. Tofauti ni nini kilitokea kwa nyimbo walipokuwa kimya. Za yule wa London ziliendelea kuuzwa na kupigwa, na kila zilipopigwa senti ilikwenda kwa mwenyewe, hata wakati hataki kuzisikia. Kwa senti hizo aliweza kujenga shule. Na hapa ndipo mfano wangu wa wapagazi unapogoma. Mpagazi akitua pembe ya ndovu, pembe inabaki chini. Mzigo wa mwimbaji una miguu yake. Yeye katua, yeye yuko Sikonge anafukiza nyuki, mzigo unaendelea kutembea: kwenye redio, kwenye harusi, kwenye basi la Mpanda, kwenye tangazo la sabuni.

Na kwenye kibanda changu. Lazima niseme, maana mzee mwenyewe anajua na ataisoma hii. Miaka ya themanini na tisini nilikuwa na deki mbili zimeunganishwa kwa waya. Nilikuwa narekodi kipindi cha nyimbo za zamani redioni, nakitolea nakala, nauza. Kaseti tupu nilinunua kwa jumla, karatasi ya jalada niliandika kwa mkono wangu, na hati yangu ni nzuri. Wateja walikuja kutoka Urambo, Nzega, hadi Kaliua. Nimeezekea nyumba kwa kaseti zile. Kila wimbo niliouza ulikuwa na mtu anayeitikia sauti ya pili, na sikumlipa hata soda. Sikujiona mwizi. Nilijiona naokoa nyimbo zisipotee, na kwa kweli baadhi ziliokoka. Lakini mwokozi gani anayeuza mateka?

Enzi za bendi hizo nchi haikuwa hata na kiwanda cha kufyatua santuri. Zilifyatuliwa Nairobi, na kilichorudi kwa wapigaji kilikuwa kidogo au hakikuwapo. Kwenye kurekodi redioni ulilipwa mara moja, ukapanda treni ukarudi, basi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, ikazaa COSOTA, chama cha hakimiliki. Inasema haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ni sheria nzuri ukiisoma. Mwaka 2022 tulisikia mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni imegawiwa, nikampigia mzee simu. Akauliza swali moja: wanajuaje kwamba ni mimi?

Sikuwa na jibu, na hapo ndipo ninapotaka wakubwa wasimame kidogo. Mwanamuziki wa leo anaandikisha wimbo kabla haujapoa. Nyimbo za miaka ya sitini na sabini zimeandikwa jina la bendi. Jina la mtunzi wakati mwingine lipo, wakati mwingine ni la kiongozi aliyekuwa kiongozi siku hiyo. Bendi zimekufa, wenye vyombo wamekufa, vyombo vimeuzwa. Waliobaki wanaojua nani alitunga na nani alipiga ni wazee wachache wanaopungua kila kipupwe, na hakuna anayewauliza swali hilo. Wanaulizwa wanajisikiaje.

Basi nikajaribu mwenyewe. Mwezi wa sita mwaka huu nilimwomba mzee asirudi Sikonge siku hiyohiyo. Nikanunua daftari la kurasa 96, nikatoa kaseti zangu zote zilizobaki, ambazo ni kidogo kwa sababu mvua ya mwaka fulani iliingia kabatini. Tukakaa kuanzia baada ya adhuhuri hadi magharibi. Nilitaraji atakumbuka nyimbo zake. Alikumbuka za bendi zote. Natia kaseti, hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo ananyoosha kidole: solo ni fulani, huyo alikuwa fundi cherehani, alihamia Mpanda. Rizimu ni mdogo wake. Tumba hizo zimepigwa na mtu wa Bukene ambaye alikuwa ameazimwa siku ile tu kwa sababu mpigaji wao alikuwa na malaria. Saksafoni hii imekosea hapa, sikiliza, rudisha, umesikia? Alikosea kwa sababu mlango wa studio ulifunguliwa. Nikarudisha mara tatu. Mara ya tatu nikasikia: pumzi iliyokatika katikati ya noti, kitu kidogo kabisa ambacho nimekiuza kwa maelfu ya watu pasipo kujua kwamba kipo.

Kati ya majina aliyonitajia, nilihesabu waliomaliza maisha yao kwenye muziki. Hawakufika nusu. Mmoja aliendesha lori la tumbaku. Mmoja alikuwa karani wa stesheni. Wawili walilima mpunga. Mmoja alikuwa muadhini, na mzee anasema ile adhana yake ukiisikiliza vizuri ina rumba ndani. Watu waliofanya kazi moja kwa miaka kumi au kumi na tano wakafanya nyingine. Sikuona msiba pale. Niliona wastaafu ambao hawakuwahi kuandikwa.

Daftari likafika ukurasa wa arobaini na kitu. Mwisho nikatia ule wimbo wa mwaka juzi, wimbo wa spika. Akataja solo, akataja besi, akataja tumba. Waitikiaji watatu: wa kwanza marehemu, wa pili, akasema, "mimi," wa tatu marehemu. Nikaandika jina lake. Kwenye mstari uleule, kwa ile hati yangu nzuri niliyokuwa nikiandikia majalada, nikaongeza neno: mstaafu.

Akaniomba daftari, akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akasoma kwa kufuata na kidole chenye nta kwenye ukucha.

"Mstaafu," akasema. "Haya, nimekubali. Na kiinua mgongo nakwenda kukichukua dirisha gani?"